Njia Isiyofika Pwani

Tulipomzika Salma binti Omari mwezi uliopita, maalim alisimama baada ya dua akasema kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mwenye subira, asiyemwinulia mtu sauti. Akina mama waliokaa nami mkekani wakaitikia, "Kweli, kweli." Mimi nilinyamaza kwa adabu ya msiba. Salma hakuwa mpole. Salma niliyemjua tangu tungali vijana alikuwa na ulimi wa pilipili na hasira ya haki, na mwaka mmoja, nilipokuwa bibi harusi mgeni katika mtaa wa Mkwajuni, Kilwa Kivinje, hasira yake ndiyo iliyokuwa kitu pekee chenye akili katika mji mzima. Watu wakifa tunawafua na kuwapiga pasi mpaka wote wanafanana kama shuka. Nikarudi nyumbani nikiwa na hamu ya kumkasirikia mtu, na kwa kuwa wote niliostahili kuwakasirikia wamekwisha kutangulia mbele ya haki, nimeona heri niusimulie mwaka wenyewe.

Vita vilikuwa vimekwisha si zamani, nguo zingali za taabu, na bendera ya Mwingereza ingali inapepea juu ya boma. Chumba nilichopewa na mume wangu katika nyumba ya mama mkwe, Bi Tatu, kilikuwa cha mwisho kabisa, kimeshikana na ua, na ua wetu umeshikana na ua wa nyumba ya nyuma. Nyumba hiyo ya nyuma haikuwa Mkwajuni tena, ilikuwa Chokaani. Mpaka wa mitaa miwili ulipita pale pale kwenye fito. Kwa mbele tulikuwa kama watu wa miji miwili: wao na msikiti wao, sisi na wetu, wao na chama chao cha kuzikana na kuozana, sisi na chetu, hata masufuria ya shughuli hayakuazimwa kuvuka mtaa. Lakini kwa nyuma paa za makuti zilikuwa zimelaliana, paka akitoka jikoni kwetu akaingia kwao bila kukanyaga chini. Salma ndiye aliyekaa huko nyuma. Mumewe alikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, akirudi mara moja moja, na yeye alijiendesha kwa kuuza vitumbua. Tulianza kujuana kupitia tundu la ua, yeye akinipa kaa la moto, mimi nikimpa chumvi. Kila alfajiri chumba changu kilijaa harufu ya mchele uliochachuka na iliki, nami nililala nikimsikia akizungumza na kikaango chake kama mtu anayemgombeza mtoto: "Haya, shika basi! Shika, usiniaibishe!"

Moto wa kwanza ulitokea Chokaani, kiangazi kikavu, upepo mkali. Safu nzima ya nyumba iliteketea kabla watu hawajaelewa wachote maji wapi, na bibi kizee mmoja asiyeweza kutembea hakuwahiwa kutolewa. Kwenye matanga yake ndipo Mzee Mbaruku aliposimama. Huyu alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha Mkwajuni, mfanyabiashara wa boriti, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa pwani, ya mawe, tena ya bati. Sitaki kumsingizia: alikuwa mtu mwema. Maskini wengi wa mji ule walivikwa sanda aliyoinunua yeye. Akasema mbele ya watu wa mitaa yote miwili kwamba aibu imetosha. Vyama viungane, tukate njia pana nyuma ya nyumba zetu, kutoka kisimani mpaka pwani, ili moto ukishika upande mmoja usivuke wa pili. Kila mwenye ua, jiko au choo katika mpaka atoe. "Na mimi," akasema, "lile banda langu litaondoka." Banda hilo kila mtu alilijua. Lilikuwa la makuti, limejaa boriti kavu na mbao za zamani, na mwaka hadi mwaka lilikuwa limetambaa kuvuka mpaka hata likaegemea nyumba ya kwanza ya Chokaani. Watu walilia kwa furaha. Mzee Chande, mwenyekiti wa Chokaani, alimkumbatia. Nami, kijana wa watu, niliamini kwamba jambo likisemwa hivyo, limekwisha fanyika.

Kikao cha kwanza cha vyama viwili kilifanyika kwetu. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake tukakaa chumba cha mbele chenye dirisha la kuangalia baraza. Bi Tatu alikuwa ameamka na mapema kupika mihogo ya nazi, na kahawa ilipita kwa mzunguko mpaka vikombe vikawa havipoi. Nakumbuka joto la chumba kile, jasho na udi na mafuta ya nazi ya nywele, na akina mama wa Chokaani wamebanana upande wao wa mkeka, wakitazama mapazia yetu. Tulisubiri kusikia njia itaanzia wapi. Badala yake tukasikia habari ya jina. Mzee Chande alitaka umoja uitwe wa Chokaani na Mkwajuni, kwa kuwa msiba ulikuwa wao. Wazee wetu wakataka Mkwajuni itangulie, kwa kuwa shauri lilitoka kwetu na mihogo ilikuwa yetu. Mmoja akaleta habari za nani aliyejenga mwanzo mji huu. Mwingine akamjibu kwa habari za babu yake. Mihogo ikaisha, adhuhuri ikakaribia, na wao bado wako kwenye jina. Salma, aliyekuwa ameketi karibu nami akijipepea kwa ncha ya kanga, alisogea dirishani akasema kwa sauti ya kutosha watu wawili na zaidi:

"Jina liandikeni mpendavyo. Moto hausomi."

"Nani huyo anayesema dirishani?" akauliza Mzee Chande.

Bi Tatu akamvuta Salma mkono akamkalisha. "Hakuna kitu, bwana," akaitikia, "ni dirisha tu linalia." Tukacheka kwenye kanga zetu mpaka machozi yakatutoka. Lakini kicheko kilipokwisha nilimwona Salma hacheki. Alikuwa akimtazama mama wa Chokaani aliyefiwa, ambaye muda wote ule hakuwa amegusa mhogo. Kikao kilifungwa kwa fatiha bila jina na bila njia.

Kesho yake asubuhi nilisikia kishindo ukutani. Nikachungulia kwenye tundu letu, nikamkuta Salma kapanda juu ya kinu, anavunja jiko lake mwenyewe kwa mchi. "Umeingiwa na nini, shoga?" nikamwuliza. Akaniambia wako wanaonong'ona kwamba vitumbua vyake ndivyo vitakavyounguza mji siku moja, basi asiwe yeye wa kunyooshewa kidole. "Wakiona mmoja ameanza wataona haya," akasema. "Watu wetu hawana ubaya. Wanangoja tu mtu wa kuanza." Nilivuka nikamsaidia kubeba udongo na fito. Siku hiyo tulichafuka kama wachimba kaburi, na nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo naikumbuka kwa uchungu kidogo. Kwa Bi Tatu kazi ilikuwa ngumu zaidi. Alikubali njia kwa ulimi, ila ua wake ulikuwa mahali alipokaa edda, mahali alipozalia wanawe, na kila nilipogusa habari hiyo aliniambia, "Mwanangu, wewe umekuja juzi." Hatimaye alitoa nusu, akiwa analia, na mume wangu akavunja fito siku ile ile, mama asije akabadili nia. Wengine nao walitoa, huyu hatua mbili, yule choo. Wazee walipita na kamba na vigingi, na mara nyingi asubuhi tulikuta vigingi vimesogea. Ukiuliza, kila mtu anakuapia kwamba hapo ndipo kigingi kilipokuwa. Hata hivyo njia ilionekana. Ilitoka kisimani imepinda hapa na pale, ikapita kati yetu na Salma, ikateremka kuelekea pwani, ikafika kwenye banda la Mzee Mbaruku. Hapo ikasimama.

Mwanzo tulidhani ni siku mbili tatu. Mzee alikuwa anangoja chombo kije kichukue boriti. Chombo kilikuja, kikachukua, na boriti nyingine zikaletwa kujaza mahali pale. Kisha mkewe alikuwa mgonjwa, hataki vumbi. Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, na nani angemwambia mzee aliyefunga abomoe? Baada ya Idi ikawa shauri jipya: nyumba moja ya Chokaani haijatoa choo, basi kwa nini Mkwajuni imalize kabla ya Chokaani? Na Chokaani wakasema, kwa nini wamalize wao wakati mwenyekiti wa Mkwajuni mwenyewe hajagusa? Vyama viliendelea kukutana. Safari hii kwetu, safari ile kwao. Tulipika mihogo, tukapika maandazi, tukapika uji wa mtama ulipokosekana unga wa ngano. Na masika yakaanza, Salma akiwa hana jiko. Alipika vitumbua vyake katikati ya njia ile ya pamoja chini ya gunia alilolitundika kwa kamba, moshi ukimwingia machoni, matone yakidondoka katika mafuta na kumrukia mikononi. Wapita njia walimsifu. "Mashaallah, Salma, umetufungulia njia." Akawajibu, "Iendayo wapi?"

Siku moja alinifuata akasema twende kwa mwenyekiti, wawili tu, kwa heshima. Tulipokewa vizuri. Chumba cha wageni cha Mzee Mbaruku kilikuwa na saa ya ukutani iliyokwisha kufa na busati jekundu, na mkewe alituletea chai ya tangawizi na kaimati. Tuliamkia, akaitikia marahaba kwa upole wake wote.

"Mzee wetu," Salma akaanza, "tumekuja kwa ajili ya lile banda."

"Mwanangu, wewe unanikumbusha mimi habari ya njia? Shauri hili lilitoka kinywani mwa nani?"

"Kinywani mwako, mzee. Ndiyo maana tumekuja kwako, hatukwenda kwa mwingine."

Akacheka, akatukaribisha kaimati tena. Akaeleza kwamba akivunja leo, wakati Chokaani hawajamaliza, watu wake wa Mkwajuni watasema amewauza. Uongozi ni mzigo, akasema, sisi vijana hatuwezi kuujua. Mwenzake Mzee Chande akitoa kile choo, yeye atavunja kabla chai haijapoa. Tulitoka pale moja kwa moja mpaka Chokaani, tukamkuta Mzee Chande anashona mkeka kizingitini. Akatusikiliza mpaka mwisho. "Waambieni Mkwajuni," akasema, "mwenye banda avunje banda. Choo ni jambo dogo. Choo kitafuata." Tuliporudi tulipita kwenye njia yetu. Ilikuwa imeota majani. Salma akasimama pale lilipokuwa jiko lake akaniuliza, kana kwamba kweli anataka jibu, "Shoga, hawa wamesema uongo?" Nikafikiri, nikamwambia hapana. "Basi ndiyo maana nashindwa," akasema. "Mwongo ningemtukana."

Nimekaa katika vikao vingi tangu hapo. Nimekuwa mjumbe wa hili na lile, nimeona kamati za maji, za shule, za barabara, na siku hizi huniita mama mlezi na kunipa kiti cha mbele. Nimejifunza kwamba watu wabaya hawakwamishi mambo mengi; ni wachache, tena wanajulikana. Wanaokwamisha ni wema wanaongojana. Lakini wakati ule sikulijua hilo, na nilidhani labda kasoro iko kwetu, hatukusema vizuri, hatukuamkia vya kutosha. Bwana Shauri, Mwingereza mkubwa wa wilaya, alipokuja kutoka boma kuona kazi, nilipata tumaini upya. Alitembea njia nzima na Liwali kando yake, akafika kwenye banda, akaligusa kwa fimbo, akasema neno. Mkalimani akatuambia kwamba Serikali imefurahi sana kuona watu wanaojisaidia wenyewe. Vyama vikapewa ndoo za moto zilizopakwa rangi nyekundu. Ukazuka ugomvi zikae mtaa gani. Baada ya vikao viwili wakakubaliana zikae kwa Mzee Mbaruku, kwa kuwa nyumba yake ni ya mawe, haiungui.

Moto wa pili ulishika alasiri moja, masika yamekwisha na makuti yamekauka. Ulianzia upande wetu, katika jiko dogo la makuti lililokuwa ng'ambo ya banda, karibu kabisa na pwani, na upepo ulikuwa unatoka baharini. Nilikuwa napepeta mchele na Bi Tatu. Tulisikia kwanza sauti, kama nguo nzito inayochanwa, kisha vilio. Nilipofika kwenye njia banda lilikuwa limekwisha kushika, boriti zinalia ndani yake. Mtu akapiga kelele, "Ndoo! Ndoo za Serikali!" Vijana wakaingia mbio kwa Mzee Mbaruku. Ndoo zikatoka zimejaa pumba za mbuzi, zikamwagwa pale pale, watu wakiteleza juu yake wakikimbilia kisimani. Tulifanya mstari, Mkwajuni na Chokaani mchanganyiko, hakuna aliyeuliza nani anatangulia. Lakini banda lilikuwa limeegemea nyumba ya kwanza ya Chokaani, na moto ulipita juu yake kama mtu anayevuka daraja. Ukashika nyumba ile, ukashika ya pili. Upande wetu nyumba ya mawe ya mwenyekiti iliuzuia. Ilisimama pale imeingia weusi, bati limekunjamana, na nyuma yake Mkwajuni yote ikasalimika. Upande wao hapakuwa na cha kuuzuia. Ukapanda safu nzima, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa Salma.

Tulitoa vitu vyake, si vingi: sanduku, kitanda cha kamba bila miguu miwili, kikaango. Nilisimama naye pale tulipovunja fito kwa furaha, mgongo wangu kwenye ukuta wa Bi Tatu, tukatazama paa lake linaingia ndani. Cheche zilirushwa juu ya njia zikaanguka chini kwenye majani mabichi, zikafa. Hazikufika kwetu. Nyumba yetu ilipona kwa jiko la Salma, na nyumba ya Salma iliungua kwa banda la mwenyekiti. Bi Tatu aliyaona hayo kama nilivyoyaona mimi. Alimchukua Salma mkono, akamwingiza ndani, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, na kwa siku nyingi hakuweza kumtazama usoni.

Mzee Mbaruku alikuja siku ya tatu. Alileta mchele, na kanga doti moja, kitu kikubwa wakati ule. Alikuwa amezeeka ghafla. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha mbele, chini ya dirisha lile lile, akazungusha tasbihi yake.

"Mwanangu Salma, hii ni qadari ya Mungu."

Salma alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Qadari naijua, mzee," akasema. "Ilinichukulia mama yangu, ikanichukulia mwanangu wa kwanza, na nilisema alhamdulillahi. Hii siyo yenyewe."

Bi Tatu akakohoa. Nilitegemea mzee atakasirika. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei, akaaga, akasahau bakora yake mlangoni, ikabidi nimkimbilie nayo nje. Aliipokea bila kunitazama. Nikamhurumia, na nikakasirika kwa kumhurumia.

Kikao kilichofuata hakikuwa na mihogo wala kahawa. Kilifanyika kwa kusimama, pale penye majivu, na kiliisha kabla watoto hawajamaliza kukusanyika kutazama. Hakuna aliyetaja jina la umoja. Mzee Chande alisema, "Kile choo nimekwisha kivunja," na Mzee Mbaruku akasema, "Haya, vijana, anzeni." Wanaume wa mitaa miwili wakashika mitaimbo na majembe. Mabaki ya banda yaliondolewa, kipande cha ukuta wa ua wa mwenyekiti kikaangushwa, mawe yakapangwa kando, vijana wakiimba na kupokezana. Jua lilikuwa halijafika utosini tulipoona maji ya bahari kutoka kisimani, moja kwa moja, bila kizuizi. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alifungua dua.

Salma hakupiga makofi. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, mumewe amekuja kumchukua waende Lindi kwa muda, na kikaango kimefungwa kwenye mkeka miguuni pake. Alitazama njia yote, akageuka akawatazama wale wanaume wanaofuta jasho na kucheka, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja," akasema.

Akainuka, akajitwika mzigo wake.